Ufa Nilioupaka Rangi

Dada yangu mpenzi,

Ulipopiga nilicheka tu kwenye simu, halafu nikasingizia mtandao. Uliniuliza ndoa inanikaaje, kama bado tunalala mpaka jua linatuchoma nyayo, na shemeji nyuma yako akapiga kelele kwamba niulizwe nimenenepa upande gani. Nikasema sikusikii, sikusikii, nikakata. Nilikuwa nakusikia vizuri kabisa. Hata sufuria uliyokuwa unaikwangua niliisikia. Jibu nimeona niliandike, kwa sababu kwa mdomo ningeanza kulia katikati, nawe ungepanda gari siku hiyohiyo na hasira zako, na mimi sitaki uje kumkaripia mume wangu. Nampenda mno.

Salamu kwanza, isije ikasemwa nimeolewa nikasahau adabu. Hujambo wewe na wote wa hapo? Mgongo wako umeachia, ule uliokushika siku ya kukunja maturubai ya harusi yangu? Watoto wanasoma, au bado wanakudanganya kwamba mwalimu anaumwa? Shemeji mwambie sijanenepa popote, na akiendelea na uchokozi wake sitamletea zawadi. Sisi huku ni wazima wa mwili. Nikisema wa mwili najua umeshainua nyusi, basi zishushe, nakuja huko polepole.

Ndoa ni tamu, dada. Niache niseme hilo kabla ya yote, ili lisimezwe na mengine. Fundi wangu akitoka kwenye mabomba yake ananawa mikono kwa sabuni mpaka vidole vinakunjamana, ndipo anishike. Bomba la jikoni alilishusha likawa sawa na kiwiko changu, alinipima kwa kamba nikidhani ananitania. Unakumbuka nilivyokuwa nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akawa anakuja kila siku kununua tepu ya kufungia mabomba, roli moja na kuondoka? Nilifungua sanduku lake la kazi nikazikuta zote, hazijachanwa hata karatasi, zimepangwa kama mayai. Nilikaa chini sakafuni nikacheka mpaka mama mkwe akaja kutazama nina nini.

Tena ana neno lake. Nikiunguza mboga, nikivunja bilauri, nikiota vibaya, anasema usijali, hakuna neno. Analisema kwa sauti ya chini, kama anakufunika shuka. Mimi, dada, unayenijua, niliyekuwa narudi mara tatu kutazama kama nimezima jiko, nikilisikia hilo neno nilikuwa nalegea mwili mzima. Nilikuwa nawaambia wenzangu dukani kwamba naolewa na usingizi.

Sasa nyumba yetu hukuiona vizuri siku uliyonileta, ilijaa watu. Ni ya chini, lakini juu haina bati. Baba mkwe alimwaga zege akiwa na nia ya kupandisha ghorofa siku moja, na nondo bado zimesimama kule juu zikiwa na kutu. Tunaishi wanne. Mume wangu, mimi, mama mkwe anayefua mashuka ya nyumba ya wageni, na wifi yangu mdogo wa kidato cha kwanza, yule aliyekubebea mkoba akakataa katakata kukurudishia mpaka ukubali kula tena. Ulisema huyu mtoto ana ulimi. Anao. Ila wakati ule hukumwona anavyoingia ndani ya nyumba. Akifika mlangoni anasimama, anatazama juu, anapitisha kiganja ukutani, ndipo anaingia, na akiingia anakaa karibu na mlango. Shuleni wenzake wanamwita Mkaguzi. Wanamwuliza leo darasa limepita au limefeli.

Wakati wa posa tuliambiwa baba mkwe alikufa kwa ajali, nasi tukadhani gari. Haikuwa gari. Alikuwa fundi cherehani, amekodi chumba cha chini kwenye jengo la ghorofa, na binti yake akitoka shule alipitia pale kumshonea vifungo. Alasiri moja jengo likashuka lote. Mtoto alikuwa chini ya meza ya kukatia nguo, anaokota pini zilizomwagika, na meza ikamshikilia. Babake alikuwa kwenye cherehani. Hawakuonana, ila walikuwa wanasikiana. Walizungumza muda mrefu, halafu mtoto akawa anazungumza peke yake. Haya nimeyajua juzijuzi tu, dada, baada ya kuishi nao nikipika na kucheka na kupanga maua mezani. Katika nyumba hii lilikuwa halitajwi. Si jengo, si siku, hata jina la baba lilikuwa linarukwa kama shimo njiani. Walidhani wakinyamaza, mtoto atasahau.

Basi sikia nilichofanya. Kwenye chumba cha wifi palikuwa na ufa, umeanzia kwenye kona ya dirisha ukashuka kwa mshazari kama mshipa wa mkono. Kando yake palikuwa na vistari vidogo vya penseli, vingi, nikajua ni mikono ya mtoto asiye na kazi. Mimi nimekaa dukani miaka, nauza unga wa kuzibia nyufa, nauza msasa, nauza rangi, najua ipi inakauka haraka. Nikasema huyu wifi yangu hanizoei vizuri, ngoja nimfanyie chumba cha binti. Nikampigia mume wangu kazini nikamwuliza kama ule ufa una shida. Akaniambia kwa sauti yake ileile hakuna neno, ni plasta tu, ziba tu. Nikaziba. Nikapiga msasa, nikapaka rangi ya waridi ukuta mzima, mara mbili kwa rola, nikiimba. Nilijiona fundi kuliko fundi.

Wifi alipotoka shule nilimpokea getini. Halafu, dada, usinitukane, nikamziba macho kwa viganja vyangu ili aone ghafla. Nikampeleka hivyo hivyo mpaka chumbani, naye anasema wifi niache, wifi niache, mimi nacheka nikidhani ni furaha. Humo ndani harufu ya vumbi la ukuta ilikuwa bado imejaa. Nilipoondoa mikono hakutazama rangi. Alitazama pale ufa ulipokuwa, akaupapasa, mkono ukajaa rangi mbichi, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Akanipita akatoka mbio mpaka kwenye uzio wa nyuma. Akakaa hapo, ameegemea tangi la maji, na hakuingia tena.

Hakuingia kula wala kuoga, na jua lilipozama hakuingia. Mume wangu akamfungia turubai kati ya uzio na mti wa kuanikia nguo, akamwambia hakuna neno, utaingia kesho. Kesho ikaja ikapita. Mimi nilikuwa natoka na sahani, narudi na sahani, natoka na shuka, narudi nimesahau nilikuwa nafuata nini. Mpaka leo mguu wangu haukai mahali pamoja. Hata sasa nimeshasimama mara kadhaa tangu nianze ukurasa huu, na kila nikirudi kalamu imebingirika chini ya kiti.

Mama mkwe alivumilia kidogo kisha akatoa hukumu. Alisema mwanawe ataenda kuishi na mama yake mdogo, mbali, ahamishwe na shule, na aende moja kwa moja mwisho wa mwezi huu. Alisema amekwisha kuzika mmoja kwa sababu ya jengo, hatakaa kutazama wa pili akigeuka kichaa nyuma ya tangi. Alisema kwa ukali, lakini alikuwa anakunja shuka lilelile mara ya tatu. Wifi aliambiwa akaitikia sawa, kama ameambiwa akaoshe vyombo. Hiyo sawa ndiyo iliyonitoa machozi. Mtoto anayebishana na kila kitu, anayeweza kubishana na wewe kama leo ni leo, anafukuzwa kwao anasema sawa. Na aliyemfukuzisha ni mimi na rola yangu.

Mwalimu wake wa darasa alikuja alipoona daftari zina vumbi na umande. Hakuuliza maswali mengi. Alituambia kuna kituo wanakopokea watoto na vijana waliopatwa na mambo mazito, pamoja na jamaa zao, na kwamba huko hawamtibu mtoto peke yake, wanataka nyumba nzima. Mama mkwe akasema yeye hana ugonjwa. Mwalimu akamjibu taratibu kwamba hata miwani si ya mgonjwa, shikamoo mama, naomba mje. Basi tukaenda. Kwa kweli mama mkwe alienda ili akirudi aweze kusema nilisema.

Kituo chenyewe ni nyumba ya kawaida iliyo jirani na gereji. Kuna benchi, kuna mkeka, kuna kapu la vitu vya kuchezea, na kuta zimebandikwa michoro ya watoto, mingine huwezi kuitazama mara mbili. Mshauri wetu ni mama mfupi anayevaa raba na kucheka kwa nguvu, hana koti jeupe, jambo ambalo mama mkwe alilitilia shaka papo hapo. Wifi alifika mlangoni akasimama, akatazama juu. Nilijua sasa ataambiwa karibu, ingia, usiogope. Yule mama hakumwambia hivyo. Naye alikuja akasimama kando yake, akatazama juu, akamwuliza unaona nini. Wifi akasema kuna maji yaliwahi kupita pale kwenye kona. Mshauri akasema kweli, hajawahi kupaona, na kama ni hivyo leo tukae nje. Akabeba kiti chake mwenyewe mpaka kwenye banda la bati wanapoegesha magari. Mama mkwe akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote kwamba tumeletwa hospitali tukaishia gereji.

Tumekuwa tukienda kila wiki. Saa nyingine mshauri anakaa na wifi peke yake, na yanayosemwa huko hatuambiwi. Saa nyingine ni sisi wote. Sheria yake ni moja, kwamba hakuna kumjibia mwenzako. Hapo ndipo ungecheka, dada. Mshauri akimwuliza wifi analalaje, mama mkwe anajibu analala vizuri. Akimwuliza mume wangu anajisikiaje, mama mkwe anajibu huyu hana shida tangu mdogo. Siku moja mshauri akamwuliza mama mwenyewe anajisikiaje, mama mkwe akanigeukia mimi akasema jibu basi. Wifi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu rangi.

Mshauri alitufundisha pia namna ya kujirudisha pale roho inapokimbia. Unakanyaga chini kwa nyayo zote mbili, unavuta pumzi polepole, unataja unachokiona na unachokisikia hapo ulipo. Alitueleza kwamba mwili wa mtoto bado uko chini ya ile meza, hata kama kichwa kinajua jengo lilishazolewa, na kwamba si ukaidi wala kichaa. Mama mkwe alipoambiwa ataje anachokiona akasema anaona muda wake unapotea. Lakini wiki hiyohiyo nilimkuta kwenye beseni la mashuka, amesimama, mapovu mpaka kwenye viwiko, anataja taratibu, kamba, ndoo, kunguru, kamba. Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole asinione.

Siku iliyotugeuza, mshauri alimwomba wifi awe mwalimu, sisi tuwe wanafunzi. Alimwomba atufundishe anavyokagua nyumba. Wifi alituzungusha banda zima kama bibi afya wa zamani. Alituonyesha kutazama kama mlango umeanza kung'ang'ania, kama kuna vumbi jipya chini ya ukuta, na kama kuna ufa, umeishia wapi. Akasema unaweka kistari cha penseli pale ulipoishia. Kesho unatazama. Kama haujapita kistari, unaweza kulala. Kama umepita, unaweka kingine na unalala na viatu.

Dada, vile vistari. Nilikuwa nimemfutia kitu pekee kilichokuwa kinamlaza. Nikamwomba msamaha hapohapo, nikilia ovyo, mshauri akaniachia nilie. Wifi akaniambia haikuwa rangi. Alisema rangi ni nzuri. Akasema tatizo sasa hajui ukuta unafanya nini huko ndani.

Mshauri akamwuliza kwa nini afanye kazi hiyo yote peke yake, kwa nini asimwulize mkubwa. Mkono wa wifi ulikuwa unachimba plastiki ya kiti. Akamtazama kaka yake, kisha akatazama chini, akasema nilimwuliza kaka.

Hapa ndipo ninapotaka ukae, kama umesimama.

Siku chache kabla jengo halijaanguka, mume wangu alikwenda kumrekebishia baba yake bomba lililokuwa linavuja. Wifi alikuwepo. Alimshika mkono akampeleka nyuma ya meza ya pasi, akamwonyesha ufa, akamwuliza kaka, hii ni nini. Mume wangu akapitisha kidole, akamwambia usijali, hakuna neno, ni plasta tu. Akamtekenya. Na baba mkwe kwenye cherehani akacheka akasema fundi ameshasema.

Upande wa gereji mtu alikuwa anagonga chuma, akaacha, akaanza tena. Mume wangu alifungua mdomo na mimi nililiona lile neno limefika kwenye midomo yake, dada, nililiona kwa macho yangu, na akalimeza. Halafu akamwambia mdogo wake kwamba ni kweli. Akasema yeye ni mtu wa mabomba, hajui nyumba, hakujua ule ufa ni wa nini, na alisema kama anayejua kwa sababu hakupenda kumwona anaogopa. Akasema na ufa wa chumbani alinijibu mimi vilevile kwa simu. Akasema sijui, mdogo wangu, nilikuwa sijui. Alirudia mpaka sauti ikakatika.

Mama mkwe aliinuka akaenda mpaka kwenye gereji, akasimama huko akiwatazama mafundi kana kwamba ameleta gari. Aliporudi alimwuliza mshauri, na hakuwa anadhihaki, sasa nimpeleke nani mbali, huyu au yule? Mshauri akamwambia si lazima mtu aende. Mama akaketi. Akavua kiatu, akakivaa. Kisha kwa mara ya kwanza mbele yangu akalitaja jina la marehemu mume wake, akasema angekuwepo angewachapa wote wawili kwa futi ya kupimia kitambaa halafu angelia yeye. Wifi akambishia, akasema baba hakuwahi kumchapa mtu. Mama akasema wewe ulikuwa hujazaliwa. Wifi akasema basi nani alikuwa amezaliwa, kaka? Kaka aseme kama aliwahi kuchapwa. Wakabishana hivyo, machozi yanawatiririka wote, kuhusu futi.

Sasa la kwangu, ambalo ndilo lililonifanya nikate simu. Baada ya siku ile sikuweza kumsikiliza mume wangu. Sauti ileile niliyoipenda mpaka nikawatangazia wenzangu dukani, ikiita jina langu tu, nilikuwa nachukua ndoo naondoka. Nilijiuliza ni mara ngapi ameniambia hakuna neno na lipo. Nilikunja nguo zangu kwenye begi lile ulilonipa, nikaliweka nyuma ya mlango, na nilimwuliza bosi wa duka kama kile chumba cha wafanyakazi bado kiko wazi. Bibi harusi ambaye hina ya kucha haijafutika vizuri! Mshauri aliniona sikai kitini akaniomba nibaki baada ya wengine. Nilimwambia kila kitu. Hakuniambia nibaki wala niondoke. Aliniuliza nilipokuwa mdogo nani alikuwa ananituliza, nikasema dada yangu. Akaniuliza dada alikuwa ananiambia nini. Nikakumbuka hukuwahi kuniambia hakuna kitu, dada. Ulikuwa unasema twende tukatazame. Hata jiko, ulikuwa unainuka na mimi.

Nilirudi nyumbani nikamkuta kwenye ngazi ya jikoni, nikamwuliza, hivi sisi tutakuwa sawa? Begi alikuwa ameshaliona. Akanitazama mpaka nikadhani sasa atalisema. Akasema hajui. Akasema anataka, ila hajui, na kama nitakubali tutazame pamoja. Niamini ukitaka, lakini hakuna neno la mapenzi nililowahi kuambiwa likanishika hivyo. Nguo nimezirudisha kabatini. Si kwamba nimetulia. Usiku mmoja mmoja namtazama kwa muda. Lakini mwenzangu anajifunza, tena kwa jasho, maana wateja wanalalamika. Mwenye nyumba mmoja alimwuliza kama bomba litashika, akajibiwa sijui, nitarudi kesho nilitazame, akaenda kuuliza mtaa mzima huyu fundi amepatwa na nini.

Na lingine ambalo sikukwambia. Kile chumba chetu unachotuwazia tumelala mpaka mchana, na kitanda mlichotuchangia, hatulalii. Tuko nje wote. Nilitoka mimi kwanza na godoro, kwa sababu sikuweza kumwacha mtoto peke yake na tangi, mume wangu akanifuata, na mwisho mama mkwe akaja na mto wake akidai ndani kuna joto. Tunalala chini ya turubai, watu wanne kama dagaa, mama mkwe katikati. Mwambie shemeji huko ndiko nilikonenepa.

Mhandisi wa majengo amekuja, mshauri ndiye aliyetusaidia kumpata. Alikwangua rangi yangu ya waridi na unga wangu wote mpaka kwenye tofali, na wifi amesimama kando yake hamwachii apumue. Kila alichosema alimwuliza umejuaje. Yule bwana alimwonyesha anachokijua, na asichokijua akasema hakijui mpaka mvua zipite, atarudi. Nadhani hilo la pili ndilo lililomsogeza. Siku hizi mchana anaingia, mlango ukiwa wazi, anaweka kistari chake, anachukua daftari anatoka. Kulala bado.

Mama mkwe amesema ataahirisha ile safari kama mwezi utakwisha huku mtoto amelala hata mara moja chini ya paa, paa lolote. Hajasema kwa ubaya, ila mvua zinakuja na turubai lina matundu, na shule haiwezi kumpokea kila siku na matope. Mshauri akasema tusimlazimishe zege. Tuanze na paa jepesi, mahali papya, penye milango miwili, penye mtu asiyesema mambo asiyoyajua. Akauliza kama tunamjua mtu wa hivyo. Nilinyoosha mkono kama niko darasani.

Wifi ameniuliza mambo mengi ya nyumba yako, na nusu yake nimemjibu kwamba sijui, tutamwuliza dada. Anauliza bati limepigiliwa kwenye mbao au kwenye chuma. Anauliza kitanda chake kitakuwa umbali gani na mlango wa nyuma, na kama mlango huo hufungwa kwa funguo au kwa komeo. Najua unavyopenda kupokea wageni. Nakuomba, dada yangu, usitengeneze kitu. Usipake chokaa, usizibe, usitundike pazia pale ukuta wa jikoni ulipopasuka. Acha paonekane. Atakapofika atasimama mlangoni, naye shemeji asimwambie karibu, ingia, usiogope. Simameni naye mtazame juu. Akiwauliza mnachokijua mwambieni, na msichokijua semeni hamjui. Tuwekee penseli.

Nisalimie watoto wote, na jirani yako wa kushoto kama mmepatana. Mama mkwe anakusalimu, anasema mgongo uukande kwa maji ya moto. Mume wangu anakusalimu kwa heshima na woga, kwa sababu anajua nimekuandikia. Wifi hajatuma salamu, amesema atakusalimu mwenyewe akikuona, na kwamba haahidi kulala, anaahidi kuja. Mimi nami naahidi hicho hicho. Tutakuja watatu, yeye, kaka yake na mimi, kabla ya mwezi huu kuisha.

Ni mimi mdogo wako,
Bibi Harusi wa Turubai